Dokta Muzna na Mambo ya Pindoni

Dokta Muzna Zahran anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na mwenzake wa kazi. Umeandikwa na mama yake mzazi, Bi Ruqaya, kwa sababu idara nzima imeshakula mkate wake wa kumimina na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Muzna alikulia Michenzani, akiwashinda wavulana wa jengo zima kwa hesabu. Anayebisha aje nyumbani aonyeshwe ripoti zake.

Kazi yake inaitwa entropia ya mfungamano katika nadharia ya uga wa kwanta. Mama yake kaishia darasa la nane, lakini hili kalielewa, maana alielezewa kwa doti ya kanga. Ukikata doti upate vipande viwili, nyuzi zinazokatika ni za kwenye mkato tu. Kanga iwe kubwa namna gani, hasara unaihesabu mpakani. Basi hata mahali patupu, anasema Muzna, pamefumwa hivyo: upande huu umeshikana na ule, na mshikamano wa pande hizo hupimwa pale zinapotengana.

Kisha akauliza ambalo wengi walilipita: mkasi ukifika pindoni, nguo yenyewe inapoishia, je? Hapo hesabu hubadilika. Wenzake wakamtania kwamba anahangaika na pindo na mji wa kanga, katikati yake kote, upo. Akawajibu kuwa hajamwona mwanamke wa Unguja anayenunua kanga isiyo na pindo. Na makala yake yakachapishwa Ulaya!

Kilichomkosesha raha ni nani ataishika kazi hii akiondoka. Wanafunzi wanakimbilia kompyuta. Alibakia Ulfat peke yake, binti wa Makunduchi, na hesabu zake za pindoni zikamgomea. Alikuja Michenzani na makaratasi, akala, akalia, akasema naye anahamia kompyuta. Muzna akamwambia amalize kwanza, ndio alie.

Mwezi uliopita Ulfat alitetea tasnifu yake, akafaulu. Aliyelia ni mwalimu, nyuma ya mlango. Mama yake alimwona, na hajamwambia mtu mpaka leo. Muhula ujao darasa la Muzna ni la Ulfat.

Ahsante, Muzna, kwa yote. Sote tunakuombea afya, raha na usingizi wa mchana. Doti nshanunua, mwanangu: kipande chako, kipande cha Ulfat. Njoo uikate mwenyewe.