Mama Hamira na Sahani za Kungoja

Ndugu waombolezaji, dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Hamira, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshona nguo, na tangu utotoni alikuwa mbishi, wa kuuliza kwa nini mpaka mtu mzima anatafuta pa kutokea.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari ya wasichana mwaka 1977, akahitimu baiolojia chuo kikuu mwaka 1981, na Januari 1982 akaajiriwa katika maabara ya vinasaba kuchunguza hamira, hii hii ya kuumulia unga, jambo lililomchekesha sana baba yetu, aliyedai amesomesha mwanasayansi akapata mwoka mikate.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa binti na mvulana. Uchungu wa binti ulimkuta kazini, tarehe 9 Oktoba 1987, akiwa ameziumiza seli za hamira kwa taa ya mionzi, ameona hazioti, ameweka kando sahani za maabara alimozipanda ili azitupe, akakimbizwa hospitali, na alipokuja baadaye kuwaonyesha wenzake mtoto, akakuta sahani zile zimeota hamira tele. Kuanzia hapo alifuatilia jambo moja maisha yake yote, kwamba seli iliyoharibiwa vinasaba huacha kugawanyika, huzima jeni za kukua, huwasha jeni za kujitengeneza, na anayeichungulia wakati huo hudhani imekufa.

Mwaka 2012 binti huyo aliacha masomo, akagombana na mama yake, akaondoka na kukata mawasiliano, na mashangazi waliposhauri ahesabiwe amepotea, mama yake aliwajibu taratibu kwamba wameangalia mapema mno. Moyo ulimuuma, tulimsikia akilia jikoni, lakini kila Jumapili alimtumia binti ujumbe wa salamu, bila lawama, bila kudai jibu.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu, na mwezi Mei binti aligonga mlango, begi mkononi, akaingia moja kwa moja jikoni kubandika maji ya chai, na mama yake akamwambia tu kwamba chumba chake kipo kama alivyokiacha. Binti huyo ndiye aliyemuuguza, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwenye maabara yake kuandaa sahani za hamira mwezi uliopita, na mikononi mwake alifariki asubuhi ya tarehe 21 Novemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wametuambia kwamba sahani zake za mwisho hazijaota kitu, lakini hakuna aliyethubutu kuzitupa, na binti ameomba azitazame yeye.

Dada yetu, wewe pumzika kwa amani, kungoja tuachie sisi.