Nani Kamkata Unga Masikio?

Benchi letu pale Kenyamonta lilikuwa na miguu mitatu ya mti na mmoja wa mawe, nalo lilihama kuliko wachunga ng'ombe. Asubuhi lilikaa mlangoni pa duka. Saa nne wanaume walilisukuma hadi karibu na cherehani yangu, na ikifika saa sita likawa limebanwa ukutani kabisa, magoti yao yakigusa pedeli yangu. Mimi Joram, fundi, sikuwa na pa kuhamia, kwa hiyo kila upuuzi niliusikia. Kahawa ilipikwa na Method, tuliyemwita Bama, maana alipigana vita ya Bama, ng'ambo ya bahari, na hakutuacha tusahau. Mseti tulimwita Redio. Aliwahi kusikia redio Musoma, siku moja tu, na tangu hapo habari zote za dunia zilipitia kwake. Mzee Wangwe alikuwa Serikali: tarishi wa baraza miaka kumi na minane, akastaafu na kofia ya pama yenye ukingo mpana kama ungo, ambayo hakuivua hata msibani. Wa nne alikuwa Nyamhanga. Huyo hatukumpa jina la kijiweni kwa sababu hakuwahi kusema maneno ya kutosha kupewa jina. Siku ninayosimulia, kiangazi cha mwaka hamsini na sita, Serikali alifika anatweta, paka wake amempakata kama mtoto mgonjwa.

— Shikamoo mzee, nikamwambia.

— Usiniamkie leo, fundi. Tazameni! Tazameni wenyewe!

Akamweka paka juu ya benchi. Paka yule aliitwa Unga, mweupe kuanzia pua hadi mkia, na hakukuwa na mwingine wa rangi ile toka kwetu hadi Mbalibali. Tukainama. Mungu wangu! Ncha za masikio yote mawili hazikuwapo. Kingo zilikuwa zimelika, zina magamba, na kilichobaki kilikuwa chekundu, kinang'aa.

— Damu! akapiga kelele Redio.

— Si damu, akasema Serikali. Nimenusa. Ni samli na udongo mwekundu. Sasa niambieni, ninyi watu wazima, nani hapa kwetu anakata masikio kisha anapaka samli na udongo mwekundu?

Jibu tulilijua sote. Kwetu ng'ombe hukatwa sikio ili ajulikane ni wa boma gani. Wengine hupasua la kushoto, wengine hutoboa la kulia. Boma la Nyamhanga hukata ncha za yote mawili, sawasawa, halafu hupaka samli na udongo kidonda kikauke.

Macho yote yakamwendea Nyamhanga. Alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, anatazama ndani.

— Umemtia paka wangu alama, akasema Serikali. Umemfanya wako.

— Paka anatiwa alama? akauliza Bama. Paka?

— Huyu si paka wa kuokota! Nilimtoa Musoma kwenye kikapu, nikalala njiani siku mbili. Tangu aje, panya hawajagusa ghala langu la ulezi. Nani asiyemtaka?

— Mimi nilimwona, akasema Redio, sauti ameishusha kidogo tu. Juzi, jua la utosi. Alikuwa anaingia nyumbani kwa Nyamhanga. Mlango ukafungwa. Kwa ndani.

— Lo!

— Jana pia.

— Salaale!

Nyamhanga akanywa kahawa. Nilikasirika kwa niaba yake, halafu nikakasirishwa naye. Mtu unatuhumiwa wizi mbele ya watu, unakunywaje kahawa?

— Ngoja, ngoja, akasema Bama. Tusimwonee mtu. Kule Bama kuna popo, mura wangu, popo mkubwa hivi. Askari akilala, anakuja anamla sikio polepole, mtu hasikii kitu. Sajini wetu aliamka hana.

— Hana nini?

— Sikio!

— Hapa ni Kenyamonta, akasema Serikali. Popo wa Bama atapita wapi?

— Basi ni panya, akasema Redio. Fikirini. Paka amewaua wangapi? Na panya nao wana wazee wao. Wamekaa wakashauriana, wakasema huyu tusimuue, tumwaibishe.

— Na samli? Panya walikamua ng'ombe wa nani?

Redio akakuna kidevu. Jua lilikuwa limeshafika kwenye vidole vyake vya miguu.

— Tusogee, akasema.

Wakainuka wote, wakasukuma benchi karibu na ukuta, wakakaa. Unga hakusogea nao. Aliruka juu ya pipa, toka pipani akaruka juu ya bati la duka, bati pekee pale kwetu wakati ule, akajilaza katikati ya mwanga. Ndipo alipokuwa akilala kila siku hadi joto limshinde.

— Nimekumbuka! akasema Bama, akaweka birika chini. Yule paka asili yake ni ya kizungu. Si mweupe? Mnamkumbuka yule bwana shamba aliyekuja kupima majaruba? Alikaa wiki tatu. Pua ilimfanya nini?

— Ilichubuka, nikasema mimi. Ikachubuka tena juu ya kuchubuka.

— Na masikio?

— Yalikuwa mekundu kama nyanya.

— Basi! Ni nini kilimfanya vile?

Tulimtazama Bama. Ninaapa, hata leo nikikumbuka nataka kujipiga kofi. Jibu lilikuwa limekaa katikati yetu, limekunja nne, linasubiri kumiminiwa kahawa.

— Ugali wa mtama, akasema Bama. Chakula chetu kinawakataa. Kinatokea puani.

— Kweli kabisa, akasema Redio.

Na mimi, mjinga, nikatikisa kichwa kukubali.

— Au ile ndege, akaendelea Redio, ambaye sasa alikuwa amepata moto. Si ilipita mwezi jana upande wa Machochwe, inamwaga dawa ya mbung'o? Dawa ile inatafuta kitu cheupe. Ikikipata, inaanza na masikio. Ikimaliza masikio inashuka mkiani, ikimaliza mkia...

— Usiiseme Serikali mbele yangu! akafoka Wangwe. Dawa ya Serikali haikati masikio ya paka wa mtumishi mstaafu. Mkono wa mtu umefanya hivi. Nyamhanga! Kesho ni baraza. Utakula kiapo.

Kiapo kwetu si maneno ya mdomoni. Anayekila kwa uongo, nyumba yake inaisha, na huanza na watoto.

— Mzee, paka tu? nikasema.

— Atasema hivi mbele ya wazee: mimi na nyumba yangu hatukugusa masikio ya paka wa Wangwe. Basi. Kama hana kosa, ana shida gani?

Tukamgeukia Nyamhanga. Nilitegemea angecheka. Ningekuwa mimi ningecheka, ningesema niletee hicho kiapo hata leo.

— Sitakula, akasema.

— Unasemaje?

— Kiapo hicho siwezi kukila.

Jamani! Bama alimwaga kahawa gotini akasahau kujifuta. Asiyekula kiapo amekiri. Kesho yake baraza lingemwita mwizi, na mwizi kwetu hata moto wa jirani hapewi. Serikali mwenyewe alishtuka. Nadhani hakutaka sana kushinda, alitaka tu kubembelezwa.

Na mimi nilijua Nyamhanga ana mtoto mmoja tu. Waisiko, wa miaka sita. Alizaliwa na ngozi nyeupe na nywele za rangi ya mkonge mkavu, na wengi wetu hatukuwahi kumwona mchana. Alipozaliwa maneno yalisemwa, mabaya, na mabaya zaidi yalisemwa hapa hapa, kwenye benchi hili, na mimi nilikuwepo nikiendelea kushona. Ni toka siku zile Nyamhanga aliacha hata yale maneno machache aliyokuwa nayo. Kuja alikuja, lakini alikuja kunywa kahawa.

— Mura, ndugu yangu, akasema Bama kwa upole, kula kiapo tu. Au sema ulichofanya. Tutamwomba mzee.

Nyamhanga akainua macho toka kikombeni. Akatutazama mmoja mmoja. Akayarudisha.

— Mwizi, akasema Serikali, lakini kwa sauti ndogo.

Mkewe Rhobi alifika wakati huo. Sauti ya Serikali ilikuwa imevuka bonde, na kisimani walikuwa wameshamwambia kwamba mumewe anapelekwa barazani. Alikuja moja kwa moja katikati ya njia, kitu kimefunikwa kaniki mgongoni mwake, na kaniki ile ilifunika kila kitu hadi vidole.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, tukasema, macho yetu chini.

— Rudi nyumbani, Nyamhanga akamwambia. Nilikuahidi hawatamwona. Rudi.

— Umetimiza ahadi, baba Waisiko. Sasa niache. Akamgeukia Serikali. Mzee Wangwe, paka wako nilimpaka mimi.

— Kumbe mnakiri!

— Nakiri kumpaka. Alikuja mwenyewe, adhuhuri, anatikisa kichwa, masikio yana vidonda. Mtoto akamwona, akaniambia, mama, ana kama yangu. Basi nikampaka ninachompaka mwanangu, samli na udongo mwekundu, nikafunga mlango wasitoke mpaka jua lipungue. Kila siku anakuja. Mume wangu angekula kiapo gani, na nyumba yake imegusa?

— Kwa nini mpaka jua lipungue? akauliza Serikali.

— Kwa sababu ndilo linalomuumiza. Jua.

Redio akacheka. Alikuwa peke yake.

— Jua! Jua ni la wote, mama. Mbona mimi masikio ninayo?

— Wewe ni mweusi, Mseti.

— Jua halishiki kisu, akasema Serikali, amesimama sasa, kofia yake imetupa kivuli hadi kifuani. Nimeona masikio mengi yaliyokatwa katika maisha yangu. Miaka kumi na minane! Yale yamekatwa. Nakuuliza, mama, mbele ya watu: nani aliyakata?

Rhobi akamshusha mtoto. Akafunua kaniki.

Sijui niwaelezeje. Alikuwa mtoto mzuri. Alifumba macho kwa mwanga, mkono mmoja ameuweka juu ya paji. Na masikio yake, yale madogo, yalikuwa yamelika kingoni, yana magamba, mekundu kwa udongo na samli. Sawa na ya paka. Sawa kabisa.

— Na haya, mzee, akasema Rhobi, nani aliyakata?

Nimekaa na watu wale miaka kumi na moja. Hapajawahi kutokea swali ambalo hawakulijibu, hata la nyota, hata la bahari ambayo hakuna aliyeiona isipokuwa Bama. Hilo hawakulijibu. Nilisikia maji ya birika yanakauka motoni na hakuna aliyeliondoa. Aibu ilinishika, nikaacha kushona.

Jua likafika miguuni pa Bama. Kwa mazoea tu, bila kuwaza, akainuka.

— Tusoge...

Alikuwa ameshashika benchi upande mmoja, Redio ameshika upande wa pili, limeinuka toka chini, na pale pale wakabaki wameliinua, wakitazamana. Hawakulisogeza. Hawakulishusha.

Waisiko hakuwa na habari nao. Alikuwa amemwona Unga juu ya bati, akamwita kwa ulimi, na paka akashuka pipani, akaingia chini ya kaniki pamoja naye. Kisha mtoto akatoa kichwa, akamtazama Serikali toka viatuni hadi juu.

— Babu, akasema, kofia yako ni ya nini?

Mzee Wangwe akapeleka mkono kwenye ukingo wa kofia. Tukangoja. Mkono ukabaki pale pale juu. Rhobi akamfunika mwanawe, Nyamhanga akaweka kikombe chini, wakaenda wote watatu, na paka.

Kesho yake Serikali hakwenda barazani. Alikuja kwangu asubuhi, kabla ya wenzake, kichwa wazi, upara wake mweupe kuliko uso. Sikuwahi kuuona. Akatupa kofia ya pama juu ya cherehani.

— Punguza.

— Shikamoo mzee. Nipunguze hadi wapi?

— Ukingo usiuguse hata kidogo. Kichwa tu.

— Na Unga, amerudi?

— Amelala huko huko. Muache.

Nikaigeuza kofia, nikaitazama ndani, nikajaribu kukumbuka kile kichwa kidogo cha Waisiko.

— Nadhani nikitoa inchi mbili...

— Kapime, akasema mzee Wangwe, akakaa kwenye benchi, hakunitazama. Hapa tumeshakisia vya kutosha.

Nikachukua futi yangu, nikaenda.