Maman Lucie na Panya Tisa Waliokosekana

Tarehe 31 Oktoba 2023, baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, Maman Lucie M'Mushagalusa anafunga kwa mara ya mwisho mlango wa nyumba ya panya ya maabara yetu hapa Bukavu. Uongozi umeniomba mimi, Delphin, fundi wa chumba cha jirani, niandike maneno mafupi, mazuri, yasiyomkwaza mtu. Mafupi nitajitahidi.

Aliajiriwa mwaka 1999 kufagia. Mwaka haujaisha, alikuwa anamjua kila panya pamoja na babu na bibi yake. Mkuu wetu, Profesa Isidore, aliwaonyesha wageni vizimba kwa fimbo ndefu, maana yeye ni mtaalamu wa urithi wa panya ambaye hajawahi kumshika panya. Siku panya mmoja alipochomoka mezani, tulimkuta profesa amesimama juu ya kiti, akitueleza kwamba anakagua dari.

Mwaka 2011 alitaka wanafunzi waone sheria za urithi kwa macho yao. Aliagiza wapandishwe panya wa aina mbili: wenye macho ya waridi na manyoya ya rangi ya mchanga, na wenye macho meusi na manyoya ya kijivu. Watoto wao walitoka wa kawaida, kahawia, macho meusi. Wajukuu, profesa alitangaza ubaoni, wakifika mia moja sitini, kumi watakuwa na sifa zote mbili: macho ya waridi pamoja na kijivu. Wajukuu wakafika mia moja sitini. Maman Lucie akahesabu, akarudia. Alimpata mmoja.

Profesa hakukagua hesabu yake, alimkagua Maman Lucie. Akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze: wale tisa wako wapi? Kwa uzembe wake, barua ilisema, paka ameingia. Ikitokea tena, atafukuzwa. Jamani, paka gani anayepita kizimba kwa kizimba, anawaacha wanono wote, anachagua tu wenye macho ya waridi na manyoya ya kijivu kwa pamoja? Paka wa namna hiyo angestahili kufundisha badala ya profesa. Mashahidi watatu tulimthibitisha paka kwa saini zetu kwenye nakala ya faili, ambayo Maman Lucie hakuonyeshwa: Placide wa sekretarieti, Chrispin mlinzi, na mimi. Hakuna aliyeona hata sharubu. Mikataba yetu ilikuwa inangoja kufanywa upya, basi.

Maman Lucie hakulia. Alikuja mlangoni kwangu.

“Delphin, hawa panya hawakupoteaka. Hawakuzaliwaka. Ile macho na ile manyoya, kila moja ilitoka kwa muzazi wake. Haipendake kukutana.”

Akadai kadenasi, yaani kufuli, kubwa mlangoni, na ufunguo ukae kwa Placide, ambaye alimfungulia kila asubuhi na kusimama pale akiziba pua. Akamchukua yule mmoja, akampandisha na panya wa kawaida, kisha watoto wao wakazaana. Wajukuu mia moja sitini tena. Profesa alisema kumi. Walitoka ishirini na tisa. Sasa ilionekana paka anazaa panya.

Maelezo ni mepesi. Sifa hizo mbili zinakaa jirani kwenye uzi mmoja wa urithi. Zikitoka kwa mzazi mmoja, husafiri pamoja. Zikitoka kwa wazazi tofauti, kukutana ni nadra. Jambo hilo limo vitabuni kwa zaidi ya miaka mia, hata katika kitabu kilichopamba biro, yaani ofisi, ya profesa, ambacho kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana. Tulizitenganisha kwa kisu cha mkate. Wiki iliyofuata alilifundisha somo hilo kana kwamba alizaliwa nalo, na wanafunzi wakapiga makofi. Barua ya paka hakuifuta.

Mwezi uliopita, Placide alipotoa faili la kustaafu, nakala ya barua hiyo ndiyo ilikuwa juu. Maman Lucie aliisoma akiwa amesimama, hadi kwenye saini zetu. Akaja kwangu.

“Wewe uliona ile paka?”

“Hapana, maman.”

“Na ulisaini.”

“Nilisaini.”

“Miaka kumi na mbili nakuletea mihogo ya Nyantende, na weye unakula tu!”

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamuuliza nifanye nini.

“Andika. Saa ya ukuta ya kuniaga wampe mutu mwingine.”

Kwa hiyo naandika katika jarida hili la maabara linalosomwa na wote, profesa akiwemo: hapakuwa na paka. Nafuta saini yangu. Chrispin amefuta yake asubuhi hii. Placide anasema bado anafikiri, na tunajua kazi hiyo humchukua muda. Profesa anasema hakumbuki.

Maman Lucie, asante kwa kazi yako, na unisamehe ukiweza. Nenda kwenu Nyantende ukapumzike. Tunakutakia afya, miaka mingi, na majirani ambao ukiwaambia umehesabu, watakuamini.