Mzee Mtihani Anatafuta wa Kumuuguza

Benchi la Fredy muuza kahawa linatazamana na geti la hospitali ya rufaa ya Ifakara, na wanaokaa pale hujiona wanaijua hospitali ile kuliko waganga wake. Mzee Nikodemu ni wa siku nyingi hapo. Wanamwita Mtihani, maana moyo wake una mlio usio wa kawaida, na kila mwaka wanafunzi wa udaktari huuinamia mmoja mmoja, mwalimu wao akitoa maksi. Leo asubuhi kaambiwa moyo umechoka, alazwe, ila aje na ndugu wa kumletea uji na kumnawisha. Mkewe kazikwa kijijini kwao, Mbingu, watoto hawakujaaliwa. Basi kaja benchini kumwomba mmoja wa hawa, na mdomo umekuwa mzito.

Wenzake walikuwa wameshaanza kubishana hospitali ilivyoanza. Profesa, fundi baiskeli, alishikilia kwamba hospitali ilianza na chumba kimoja cha masista na sanduku la dawa. Injinia, wa bodaboda, akakataa katakata: wazungu walikuja kuchunguza mbu wa malaria, wakaona mbu wa bonde hili hawamaliziki leo wala kesho, wakajenga.

– Jamani, nina neno, alisema Nikodemu.

– Ngoja kwanza, mzee, Profesa alimkata. Nyie wote hamjui. Hospitali ilitangulia, mji ukafuata. Ifakara ilikuja kutibiwa, ikalazwa, mpaka leo haijaruhusiwa.

Wakacheka. Nikodemu naye akacheka, neno lake akalimeza pamoja na kahawa. Lilimuuma, kwa sababu watu hawa aliwapenda.

Ndipo akavuka barabara binti wa koti jeupe, Dorika, mwanafunzi aliyefaulu kwa moyo ule ule mwezi uliopita.

– Shikamooni. Babu, kitanda kiko tayari. Ndugu yako ni yupi hapa?

Fredy akainamia birika lake. Profesa akamtazama Injinia. Miaka kumi na moja wamekunywa naye kahawa.

– Kwani mzee, unakaa wapi? Injinia aliuliza taratibu.

– Mtaa wa Viwanja Sitini.

Nikodemu akashika mkono wa Dorika, akainuka.

– Twende, mjukuu wangu. Tangu bibi yako afe, walionigusa ni nyie wanafunzi tu. Kaandike hivyo.

Injinia alisimama, akawatazama wakivuka, kisha akakaa tena.