Mbegu za Watu Katika Ghala Langu

Walisema sitaweza. Siku niliporudi kwetu na diploma yangu ya kilimo, mjomba wangu aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja, akanirudishia. "Mpwa wangu," alisema, "bonde la Ruvuma halijui kusoma." Wengine walisema nitavuna matope na kuwalipa watu kwa Kiingereza.

Ndugu zangu wa chama, mmenitaka nisimame niseme, nami nasema. Wenzangu mliokuwapo mpo humu Likombe leo, nikipotosha, nikoholeeni.

Nilikuwa mtu wa kwanza kijijini petu kupata diploma. Sijisifu, ni kweli tu. Sawa, najisifu kidogo. Nilisomeshwa na korosho za mama yangu, na miaka miwili nilibeba magunia bandarini ili nijilipie mengine. Kwa hiyo niliporudi sikutaka kufanya kama walivyofanya wazee.

Mnajua sisi wa bondeni tuliweka wapi mbegu. Kila nyumba ilikuwa na dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, na mbegu ya mpunga ilifungwa darini, moshi wa jiko ukiipitia. Mimi nikasema dungu ni la kufukuzia ndege. Nikajenga ghala la matofali, bati juu, saruji chini. Nikaenda nyumba kwa nyumba: nipeni mbegu zenu, nitawatunzia, panya hatazigusa. Nyumba kumi na nne zilikubali. Mjomba alikuja wa mwisho, na gunia lake begani.

"Ghala zuri," alisema. "Mbona limekaa chini?"

"Mjomba, hili ni ghala, si kunguru."

Watu walicheka. Nilifurahi sana walivyocheka.

Upande wa mto nilikuwa nimechomeka vijiti vyenye alama, ili nijue maji yakipanda. Asubuhi ile, mvua ikiwa haijakatika siku ya nne, nilikwenda kuvisoma. Maji hayakufika alama ya pili. Nikarudi nikitangaza, "Kaeni, hakuna hatari!" Nikafika mlangoni pangu, nikamkuta mke wangu amesimama ndani ya maji ya kifundo cha mguu.

Nawaambia, mpaka leo kichwa changu hakijapanga sawasawa mambo ya asubuhi ile. Maji hayakutoka mtoni. Yalitoka nyuma yetu, upande wa mikoko, upande wa bahari. Nikayaonja: hayana chumvi! Maji ya mto yanatokaje baharini? Nikafungua daftari langu. Nilikuwa nimesimama majini, mvua inanyesha, nageuza kurasa zilizogandana.

"Mume wangu," mke wangu aliuliza, "unatafuta nini humo?"

Sikujua. Nikawapigia watu kelele wakimbilie ukingo wa mto, maana huko nilikotoka palikuwa pakavu. Baadhi walianza kwenda. Ndipo mjomba akatokea, kikoi kimefungwa juu ya magoti. "Leo bamvua!" alipaza sauti. "Bahari imejaa, imeusukuma mto urudi kwa vijito. Na huko ukingoni utafika, tena kwa nguvu. Piteni majini sasa hivi, yakiwa magotini, mwende mikoroshoni, kilimani!"

Nikasema, "Mjomba, vijiti..."

"Watoto kwanza," alisema, "mbegu pili, vijiti vya huyu tatu."

Walioanza kwenda wakarudi, tukapita. Yaliyokuwa magotini yalifika kifuani. Vijana waliyatoa magunia ghalani, yamelowa, mazito kama maiti, wakayabeba vichwani. Tulipogeuka juu ya kilima, ukingo niliowaelekeza watu haukuonekana tena. Madungu yalisimama majini. Ghala langu lilibaki bati tu.

Tukakaa kwenye shule ya huko juu. Lori likaja likachukua wazee, mama yangu akiwamo, na hakuna aliyeniambia limekwenda wapi; huyu alisema Naliendele, yule akasema Nanyamba. Kumbe aliletwa hapa hapa Likombe. Nilikuwa nazunguka uani nikihesabu watu na kusahau hesabu. Na hakuna aliyenitukana. Hilo lilinitesa kuliko matusi. Mbegu ya nyumba kumi na nne ilikuwa imerundikwa chini ya mkorosho, na bila mbegu hakuna mwaka.

Siku ya tatu magunia yalianza kunuka na kutoa joto. Nikaamua kuyamwaga.

Hapo akatokea mama mmoja aliyevuka mto na wanawe kukimbia vita vya ng'ambo, mtani wangu kwa kabila. Akajifunika kanga kichwani, akaketi kando ya magunia, akaangua kilio cha matanga. "Uwii! Mpunga, mwanangu! Nani kakuua? Msomi! Kakuzika kwenye saruji!"

Watu walicheka, mara ya kwanza tangu tuhame. Akatumbukiza mkono guniani ili atuonyeshe maiti. Akautoa. Akazisogeza punje machoni.

"Mtani," aliniita, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Marehemu ameota meno."

Kila punje ilikuwa na ncha nyeupe.

Ndugu zangu, nilifundishwa jambo hilo chuoni! Kuloweka mbegu, kuifunika ipate joto, kuisia ikichipua. Niliulizwa kwenye mtihani, nikapata alama za juu. Na nilikuwa nimekuja kuimwaga. Mbegu ikifika hapo haingoji kesho. Tukashuka wote kwenye bonde dogo chini ya shule, wanawake wakavuruga tope kwa miguu, na kabla ya magharibi tulikuwa tumesia. Magunia ya chini yalikuwa yameoza kweli, siwafichi. Lakini maji yalipokauka tulikuwa na miche ya kila nyumba.

Namshukuru mke wangu, vijana wa magunia, mwalimu aliyetufungulia madarasa, na mtani wangu, ambaye tangu siku hiyo ananidai kuku wa matanga. Funzo langu ni dogo: elimu yangu haikuwa mbovu, ila niliijenga chini.

Baada ya mavuno, kabla nyumba yangu haijala wali, niliwaita wenye nyumba wote kumi na wanne, niwarudishie mbegu zao. Sisi tulikula mihogo mwaka ule. Kila mmoja alikuja na kipimo chake, akajaza, akatafuna punje kuhakikisha ni mbegu ya kwao, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mjomba alikuwa wa mwisho tena. Alitafuna polepole. Akafunga gunia, akaupima uzito wake, kisha akaliweka mbele ya miguu yangu.

"Nitunzie," alisema. "Lakini juu."