Aliyempiga Wilf Clout

Paa. Kilikuwa kishindo kimoja tu, usiku wa Alhamisi, na hakikurudiwa. Sote tulikisikia, kwa sababu sote tulikuwa tumelala vibandani, kila mtu kwenye kitalu chake, kama tufanyavyo Hesslaw kila wiki ya mashindano ya liki, mboga ya jamii ya kitunguu inayopimwa kwa unene. Huwezi kulea mboga tangu Krismasi, ukaifunika gunia wakati wa baridi na kuipangusa vumbi wakati wa joto, halafu ukaiacha peke yake siku mbili kabla ya kupimwa, mwenye wivu aje na kisu. Ijumaa asubuhi tulimkuta Wilf Maddison bombani. Mikono ya koti lake imelowa, shavu limevimba, sikio la kulia jekundu kama nyanya. Tukamwuliza kulikoni. Akasema, "Nilipigwa clout." Tukamwuliza na nani. Akafunga bomba, akaondoka.

Saa nne tulikuwa benchini. Benchi letu liko langoni mwa bustani, limetengenezwa kwa mlango wa bafu la wachimba makaa. Mgodi wenyewe umefukiwa siku nyingi. Kamusi alikaa mwisho wa kushoto, daftari la bustani magotini. Jina lake Eric Raine, aliendesha basi miaka thelathini, na siku hizi ndiye katibu wetu. Nyumbani ana kamusi isiyo na jalada, na anaisoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Karibu naye Msumari, fundi wa mapaa, ambaye hajawahi kukaa bila kitu cha chuma mfukoni. Kisha Edna Swales na chupa yake ya chai. Wilf alisimama, ameegemea lango, kana kwamba habari hii haimhusu.

Na mwisho wa kulia, peke yake, Shaun Lowes, tunayemwita Kiberiti. Hakupokea chai. Alikuwa ameshika ufunguo wa lango, anauzungusha kidoleni.

Kanuni ya saba ya bustani ni fupi. Anayempiga mwenzake ndani ya uzio anarudisha ufunguo siku hiyohiyo, isipokuwa kama amemkuta usiku ndani ya kitalu chake. Asiye na ufunguo hana kitalu, na asiye na kitalu hana cha kupeleka kwenye mashindano. Kitalu cha Kiberiti kilikuwa cha baba yake, na kabla ya hapo cha babu. Jumatano alikuwa amesimama hapahapa langoni akilalamika kwamba maji ya pipa lake yanapungua kila usiku, na kwamba siku atakayomkamata mwizi, mwizi huyo atalala na meno mfukoni. Siku mbili baadaye Wilf akaonekana na shavu lile. Kamusi alikuwa amempa Kiberiti hadi saa sita mchana aurudishe ufunguo.

— Mimi sikumgusa, alisema Kiberiti. Mwulizeni mwenyewe.

— Si yeye, Wilf akasema kutoka langoni.

— Ni nani basi?

Wilf akatazama barabara.

— Unaona, alisema Kamusi. Mtu anayekataa kutaja jina ana analolificha, au ana anayemwogopa. Sasa tunacho nini? Tunalo neno moja. Tuanze na neno.

Clout ni kupigwa, hilo kila mtoto wa Hesslaw analijua kabla hajaanza shule. Kupigwa kwa nini, na mtu gani, hapo ndipo benchi lilipowaka.

Kamusi alitueleza kwamba kitabu chake kinasema hivi: zamani sana, kabla ya wafalme tunaowajua, clout kilikuwa kiraka. Kipande cha nguo, au kipande cha bati cha kuzibia. Maana ya kipigo ilikuja baadaye, na hakuna ajuaye kwa hakika ilikujaje. Alisema hayo polepole, huku macho yake yakielekea kwenye mkoba wa Edna, vilimotokeza vipande vya nguo kuukuu, maana Edna ndiye anayeshona mazulia ya viraka ya nusu ya mtaa.

— Unanitazama nini? Edna akauliza.

— Mama yangu alikuwa akitupiga na tambara la vyombo. Lililolowa maji. Lilikuwa linaitwa clout lilelile. Nasema tu.

— Yaani mimi, na magoti haya, niruke vitalu vya watu usiku wa manane nikampige Wilf na tambara?

— Sijasema umeruka. Njia ipo.

Edna akammiminia Msumari chai na kumruka Kamusi, kikombe chake kikiwa kitupu.

Msumari alikuwa na maoni mengine. Akatoa mfukoni msumari mfupi wenye kichwa kipana kama kifungo cha koti, ule tunaotumia kupigilia karatasi ya lami juu ya vibanda. Huu nao unaitwa clout, akasema, na umeitwa hivyo tangu babu yake akiwa fundi. Kwa hiyo neno limetoka kwenye nyundo. Akainuka, akaenda kulitazama shavu la Wilf kwa karibu, akapima uvimbe kwa kidole gumba, akarudi na habari kwamba ni wa mviringo.

— Nyundo, akasema. Pigo moja, la mtu anayejua kazi.

— Na hapa mwenye nyundo ni nani? Kamusi akauliza.

Msumari akafikiri. Kisha akaurudisha msumari mfukoni na kusema labda haukuwa wa mviringo sana.

Nawaambia, asubuhi ile hakuna aliyebaki msafi. Kila maana iliyofukuliwa ilikuwa na mkono ndani yake, na kila mkono ulikuwa wa mtu aliyeketi pale au jirani yake. Kamusi akakumbuka kwamba wapiga upinde wa kale walikuwa wakitandaza kitambaa cheupe chini, mbali kabisa, na kukilenga kwa mishale, na kitambaa hicho pia kiliitwa clout. Basi Wilf hakupigwa na mtu wa ndani. Alilengwa. Kiazi kilitupwa kutoka kwenye reli ya nyuma ya bustani, na watu wa kijiji cha pili, ambao mwaka juzi walishindwa na liki zetu na hadi leo hawajatusalimu. Msumari akapanda juu zaidi: kwenye runinga wanasema mtu mkubwa ana clout, yaani anatamka na mambo yanakuwa. Kwa hiyo mwenyekiti wa klabu ya kijiji, ambaye ndiye mpimaji wa liki, ndiye aliyetuma mtu. Wilf aliona futi ya kupimia imechongwa ili idanganye. Ndiyo maana hasemi.

— Uliiona futi, Wilf? Kamusi akauliza.

— Sikuona futi yoyote.

— Anatetemeka, mmeona? Msumari akasema.

— Ana baridi, alisema Edna. Koti limelowa tangu alfajiri.

Hapo Kiberiti akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Alisema yeye ataupoteza ufunguo wa baba yake saa sita, na huku watu wazima wanatafuta mishale. Akaweka ufunguo juu ya benchi, katikati yake na Edna. Hakuna aliyeushika.

Edna aliweka chupa chini. Akaupenyeza mkono wake ndani ya mkoba, akachomoa kipande cha shati la buluu, akakinyoosha gotini.

— Nyie mnafukua vitabu, akasema. Mimi nimelelewa na kaka watano. Mtu baki akikuchukia anakupiga ngumi. Clout ni kiganja wazi, hapa, kwenye sikio. Na anayekupiga clout ni mtu wa kwenu. Anakupiga, halafu anakuuliza kama umekula. Mgeni hana ruhusa ya kunipiga clout.

— Wilf hana mtu wa kwao, alisema Msumari. Mke alikufa. Watoto hana.

Edna alitoa mkasi. Alianza kukikata kile kipande cha shati vipandevipande vyembamba. Nami nikaona kwamba Wilf ameligeuzia benchi mgongo.

Ndipo Mirela alipokuja. Yeye ni muuguzi, ametoka Romania, na alipewa kitalu cha tatu majira ya kuchipua. Hakulala kibandani usiku ule, alikuwa zamu. Alisimama na toroli lake, akasikiliza. Kamusi akamsomea majina ya wenye vitalu wote, mmoja mmoja, kutoka kwenye daftari, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Cha kwanza fulani. Cha pili fulani. Hadi cha kumi na moja. Akafunga daftari.

— Vitalu ni kumi na viwili, alisema Mirela.

— Kumi na kimoja, kipenzi, Kamusi akasema.

— Kumi na viwili. Kile cha mwisho, nyuma ya ua wa miiba, kando ya reli. Kina liki nzuri kuliko za wote. Udongo wake unakuwa umelowa kila asubuhi, na wiki nzima sijamwona mtu. Kile ni cha nani?

Msumari alitazama viatu vyake. Kamusi alifungua daftari, akalifunga. Sote tulijua kwamba baada ya mstari wa kumi na moja kuna mstari wenye nambari na hauna jina. Kamusi alimkuta katibu aliyemtangulia ameuacha hivyo, naye akauacha hivyo.

Mirela hakuwa amezaliwa mwaka ule. Ulikuwa mgomo mkubwa wa wachimba makaa, mwaka mzima, watu walikula mikate ya jikoni la klabu na kuchoma viti vyao kupata moto. Wachache walirudi shimoni kabla ya wengine, ndani ya basi lenye nyavu madirishani za kukinga mawe. Kutoka Hesslaw alirudi mmoja. Tangu siku ile hatukumsalimu, hatukunywa naye, na jina lake likatoka midomoni mwetu. Tukisema juu yake, tunasema "yule". Miaka thelathini na miwili. Nami nikaona, nikiwa pale na kikombe mkononi, jinsi tulivyomshuku Edna na magoti yake, tukamshuku fundi, mwenyekiti, kijiji cha pili na mishale ya kale, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfikiria mtu anayelala hatua themanini kutoka hapa. Mtu usiyemtaja huwezi hata kumshuku.

— Saa sita kasoro kumi, alisema Kiberiti. Hakuwa akimwambia mtu. Aliusukuma ufunguo kwa kidole, kidogo, kuelekea kwa Kamusi.

Wilf akageuka.

— Maji ya pipa lako nilichukua mimi, akamwambia Kiberiti. Nilikuwa nachukua kwako kwa sababu liko karibu na ua. Nitalijaza.

— Ya kumwagilia nini? Liki zako ziko juu kule, karibu na bomba.

Wilf alimtazama Edna, si Kiberiti. Akasema kwamba Jumatano ya juma lililopita aliona gari la wagonjwa mlangoni kwa yule. Wakamtoa amelazwa machelani, mapafu yameharibiwa na vumbi la mgodi. Alipita nyuma ya ua jioni hiyo, kwa bahati tu, akaona liki zimeanza kulegeza majani. Siku kumi kabla ya mashindano. Alirudi nyumbani akakaa, akashindwa kula. Usiku wa manane akatoka na ndoo.

— Siku tisa, alisema. Kila usiku. Sikusema na mtu. Nilikuwa natumaini hatajua. Alhamisi wakamruhusu, mimi sina habari. Niko nimeinama, ndoo mkononi, kiza. Akaja kwa nyuma.

— Nyundo? Msumari akauliza, kwa sauti ndogo.

— Kiganja.

Edna aliacha kukata.

— Akawasha tochi, Wilf akaendelea. Akaona ni mimi. Akaona ndoo. Tukasimama. Anapumua kwa shida, nasikia filimbi kifuani kwake. Baba alikuwa akitupiga hivyohivyo, mimi na yeye, pamoja, tukilala chumba kimoja. Kisha akaniuliza kama nimekula.

— Ukamjibu nini? Edna akauliza.

— Sikumjibu. Nilichukua ndoo nikaenda bombani nikakaa hadi kulipokucha. Baba alipokufa sikumjibu. Mke wangu alipokufa alisimama nje ya geti la makaburi, kwenye mvua, na sikumjibu.

Chai ilikuwa imekwisha; Edna aliikung'uta chupa, ikatoa tone moja. Aliendelea kuishikilia juu ya kikombe.

Kamusi alikuwa ameshafungua daftari. Akauchukua ufunguo kutoka benchini na kumrudishia Kiberiti bila kumtazama. Kisha akashusha kidole hadi chini ya ukurasa, kwenye mstari mtupu, akatoa kalamu.

— Kanuni iko wazi, alisema. Amemkuta mtu usiku kitaluni mwake. Hana kosa, na kesho ana haki ya kupimiwa liki zake kama wengine. Lakini siwezi kuandika "yule", Wilf. Mpimaji anaita kwa jina.

— Jina unalijua.

— Sote tunalijua. Nataka aliandikishe mtu wa kwao.

Treni ya mizigo ikapita nyuma ya ua wa miiba, tukaingoja imalizike. Wilf alitazama chini bustanini, kupita vitalu vyetu vyote, hadi kwenye moshi mwembamba uliokuwa ukipanda kutoka kibanda cha mwisho. Aligusa sikio lake.

— Maddison, akasema. Kama mimi.

— Maddison nani?

Wilf aliitazama kalamu.

— Edwin.