Mwalimu Laurenti Mgaya Anaiacha Kona ya Viazi

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwafundisha watu kupiga kona bila kuanguka, Mwalimu Laurenti Mgaya wa Chuo cha Udereva Njiapanda, hapa Makambako, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wewe unayesoma ratiba hii ukiwa na soda mkononi, jua kwamba sherehe yenyewe nusura isifanyike, na aliyetaka isifanyike ni mstaafu mwenyewe. Sababu tutaifikia.

Mwalimu Laurenti ni mtoto wa Njombe, amekulia jirani na misheni, na pikipiki ya kwanza aliyoendesha ilikuwa ya parokia. Kazi yake ilikuwa kumpeleka katekista vigangoni, masika na kiangazi. Katekista alikuwa mtu mzito na mwoga, na kila kona alianza kusali kwa sauti. Mwalimu husema alijifunza kupiga kona vizuri ili sala zipungue.

Alipoajiriwa hapa tulikuwa tunafundisha alama za barabarani na kuzunguka namba nane, basi. Yeye ndiye aliyeomba tupewe uwanja wa lami wa kiwanda cha mbao kilichofungwa, barabara ya kwenda Njombe. Akapanga matairi chakavu, akachora mistari ya chokaa, na tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Siku ya Uwanja. Bodaboda, wauguzi, mafundi, hata mchungaji mmoja ambaye hatutamtaja, huja kuzunguka pale bila malori, bila mbuzi na bila trafiki, na kupimwa muda kwa saa ya kubonyeza.

Somo lake ni moja: ingia kwa adabu, toka kwa fujo. Breki zishikwe mapema, pikipiki ikiwa bado wima. Macho yatangulie kule kona inakoishia. Mafuta yasubiri mpaka njia ifunguke. Vijana walikuja wakidhani muda unapunguzwa na ushujaa. Walipopimwa wakakuta yule aliyeshika breki mapema kuliko wote ndiye aliyewaacha. Na kabla hujapimwa, Mwalimu hupanda nyuma yako kama abiria, na makoti yake mawili, akafumba macho. Akikushika bega, hujafuzu. Wapo walioshikwa bega mpaka wakahama wilaya.

Adui yake mkubwa amekuwa frii. Sisi watu wa milimani tunajijua: mteremko ukianza tu, mguu unatoa gia wenyewe, injini inazimwa, na pikipiki inashuka bure ili mafuta yabaki. Tumelelewa hivyo. Lakini pikipiki isiyo na gia haina cha kuizuia wala cha kuivuta ikifika kwenye kona, imekuwa toroli. Uwanja wetu una mteremko mmoja, na mwisho wake ni Kona ya Viazi. Jina lilitoka kwa Basil wa Kichiwa, aliyekuja na gunia la viazi nyuma, akakataa kulishusha kwa kuwaogopa wezi, akashuka frii mbele ya watu wote. Basil hakuumia. Viazi vilitapakaa uwanja mzima, vikaokotwa, vikachemshwa, na Mwalimu alivila huku akiendelea kufundisha.

Sasa ile sababu. Kwenye ukuta wa ofisi upo ubao unaoonyesha mzunguko wa kasi kuliko yote, na kwa miaka mingi ulikuwa na jina moja: L. Mgaya. Wageni walimpongeza, yeye akanuna. Mwaka huu, tukinywa chai, alituambia kwamba mwalimu anayeondoka bila kupitwa na mwanafunzi hata mmoja amekula mshahara wa bure. Akaapa kwamba jina lake likibaki pale hataki keki, hataki kwaya, atachukua koti lake aende zake Njombe. Tulicheka. Kisha tukaona yeye hacheki, na ikatuuma, maana mzee huyu tunampenda.

Siku ya Uwanja yake ya mwisho ikafika, na baridi yake. Matumaini yote yalikuwa kwa Filemoni, bodaboda wa stendi, kijana mwenye maneno mengi na mkono mzito wa mafuta. Alianza vizuri mno. Alipofika mteremkoni, mguu ukafanya ulichozoea. Injini ikanyamaza. Sote tuliusikia ule ukimya, Mwalimu akafumba macho. Filemoni aliishia kwenye matairi, mzima wa afya, akilaumu tairi la nyuma, halafu upepo, halafu uji wa asubuhi.

Akabaki Rejoice Sanga, afisa ugani wa Matamba. Huyu alikuja kwetu baada ya kuvunjika mfupa wa bega kwa frii hiyo hiyo, akishuka kutoka kwenye mashamba ya pareto. Hakuna aliyemhesabu miongoni mwa wenye kasi. Mwaka wake wa kwanza wote aliumaliza akishikwa bega. Siku ile ungemwona ungedhani anakwenda sokoni. Breki mapema, kichwa kimeshageuka, injini ikinguruma mteremko mzima bila kukatika. Mwalimu akainuka kwenye kiti, akasogea mpaka kwenye matairi. Rejoice akaimaliza Kona ya Viazi, akafungua mafuta, akavuka mstari, na Mwalimu akarusha kofia juu.

Saa ilikuwa bado inatembea. Jamani! Mtu aliyewabonyezea wenzake miaka yote hii, siku aliyoihitaji mwenyewe akasahau kubonyeza. Rejoice alivua helmeti, akatoa salamu ya kwetu, kamwene, akauliza amepata ngapi. Mwalimu akaitazama saa, akaketi juu ya tairi, akalia. Na sisi tulilia, tusidanganyane. Alimwomba arudie, ila mvua ikaingia kutoka upande wa Njombe, na kwa sheria yake mwenyewe lami ikiloa hakuna kupima.

Filemoni, majani bado yako kwenye koti, akapinga kwamba bila muda hakuna rekodi. Mkuu wa Chuo, Mama Letisia, akakiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Mwalimu akawajibu kwa upole kwamba mzunguko wake mwenyewe anaujua kwa masikio, na kwamba aliyepitwa ni yeye. Na aliyepitwa ndiye anayejua. Hapo Filemoni mwenyewe ndiye aliyekwenda kuleta kitambaa cha kufutia ubao.

Hivyo ubao sasa unasomeka R. Sanga, kwa mwandiko wa Mwalimu, na mahali pa muda hapana kitu. Patabaki hivyo mpaka mtu mwingine apajaze. Saa ameirithi Rejoice, ambaye amekubali kuja kutoka Matamba kila mwisho wa mwezi.

Mwalimu, asante kwa kona zote, na kwa mabega uliyoyashika. Kuna watu wengi wanaofika nyumbani jioni kwa sababu yako, na wengi wao hawakuwahi hata kukushukuru. Nenda Njombe kwa amani, mahindi yakukubali, na mkeo, Mama Angela, akuvumilie ukishinda nyumbani. Ila uzee nao ni mteremko, mzee wetu. Usishuke frii.